Muulize Fundi: Kidhibiti cha nyumba cha bei nafuu, kinachokua nawe

SWALI
Assalaam alaykum Fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, tunakaa Tudor. Nyumba yetu ina vyumba vitatu chini na chumba kimoja cha mpangaji juu. Maji ya mfereji hutujia siku mbili kwa wiki, usiku, wala saa yake haijulikani. Tangi la chini ni la lita 1,000 tu. Likijaa, maji yanayoendelea kuja hayana pa kuingia mpaka niamke niwashe pampu iyapandishe kwenye tangi la juu la lita 2,000, ndipo la chini lipate nafasi tena. Mume wangu ni baharia, hayupo miezi minane kwa mwaka, kwa hivyo wa kuamka ni mimi. Mwezi jana nilisinzia kabla ya kuzima, pampu ikavuta hewa mpaka ikaungua. Mwanangu wa kidato cha tatu ameona kijisanduku cha shilingi 6,000 anachosema kitaendesha pampu, taa na milango kwa simu. Jamaa mwengine alikuja akapima nyumba nzima, akaniachia hesabu ya 185,000. Mimi nina 30,000. Nataka kitu nitakachokiongeza kidogo kidogo: mwakani taa, baadaye pengine kamera na sola. Nichukue kipi?
Mwalimu, Tudor

JIBU
Waalaykumu salaam Mwalimu, na pole kwa pampu.

Naanza na jambo ambalo huenda mwanao asilipende. Kupandisha maji yako hakuhitaji kompyuta, kwahitaji floti mbili, swichi zinazoelea majini. Moja ining'inie ndani ya tangi la chini, ya pili ndani ya tangi la juu, na waya zao ziunganishwe kwa kufuatana. Ya chini iseme maji yapo, ya juu iseme nafasi ipo, na pampu iwake pale tu zinapokubaliana. Ikikataa moja, pampu inazima. Floti ya namna hii huja na kizani kidogo kinachobanwa kwenye waya wake, na urefu wa waya unaobaki kati ya kizani na floti ndio unaoamua pampu iwake maji yakifika wapi na izime yakishuka wapi. Mwambie fundi aupime ili pampu iwake tangi la chini likipita nusu, izime likibaki robo. Hapo utalala. Maji yakija saa nane za usiku yataingia, yatapanda, yataingia mengine, na wewe huna habari.

Pamoja na floti weka kontakta, swichi kubwa ya mota inayowashwa kwa amri ya waya mdogo. Usikubali pampu iwashwe moja kwa moja na kiswichi cha waifai hata kama kimeandikwa ampea 16. Pampu ya nguvu farasi moja ni wati 750 hivi, na ikishazunguka hula ampea tano au sita, lakini ule mshindo wa kuanza huvuta mara tano ya hapo au zaidi. Ampea 16 zilizoandikwa ni za pasi na hita, mota ina mambo yake. Juzi nilifungua kiswichi kama hicho kwa mteja wa Kisauni. Vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana ndani ya rilei, ile swichi ndogo ya ndani, vilikuwa vimeyeyuka vikashikana kama vimechomewa, vyeusi pembeni, na plastiki iliyovizunguka imegeuka rangi ya chai. Simu yasema pampu imezimwa, na pampu yaunguruma uani. Kontakta imetengenezwa kwa mshindo huo. Kiswichi kidogo, floti au kompyuta hubaki na kazi nyepesi ya kuiamrisha kontakta tu.

Sasa, kidhibiti, yaani hicho kijisanduku au kompyuta ya kuamrisha vifaa vya nyumba, ni cha nini ikiwa floti zatosha? Ni kwa sababu floti haina ulimi. Haitakwambia kwamba jana maji yalikuja kwa dakika arubaini tu, au kwamba wiki hii pampu imefanya kazi mara mbili ya wiki iliyopita bila mgeni kuja, jambo ambalo maana yake ni bomba linalovuja au mfereji wa mpangaji ulioachwa wazi, na tokeni za stima zaenda. Kidhibiti kitakupa habari hizo, na mwakani kitazibeba taa zako. Ila sharti langu, na nitalirudia kwa kila atakayeniuliza: kidhibiti kisiwe mlinzi wa pekee wa kitu kinachoweza kuungua au kuumiza. Floti zibaki zimefungwa kwa waya zake zenyewe. Kompyuta ikizima, ikigandama, au mwanao akikosea kuandika amri, pampu isimame vilevile maji yakiisha.

Tukija kwenye kuchagua, watu wengi huangalia bei ya kijisanduku. Bei hiyo ni ndogo kuliko zote utakazolipa. Gharama yenyewe imo katika vitu ambavyo sanduku hilo litakulazimisha ununue baadaye, na katika siku litakapokufa. Nilijifunza hivyo kwa njia mbaya.

Mwaka 2018 nilimfungia mamangu, Mungu ampe umri, taa nne katika nyumba yake ya Mji wa Kale. Mbili zilikuwa za ngazi, kwa sababu yeye hushuka kutawadha kabla ya alfajiri. Nilinunua sanduku la kampuni moja, zuri, jeupe, la bei ndogo. Nikaweka balbu zake, nikaondoa swichi za ukutani nikaunga waya moja kwa moja, na mahali pa swichi nikabandika vitufe vya betri. Mama akibonyeza, kitufe hupeleka habari kwenye sanduku, sanduku huipeleka kwenye seva, kompyuta kubwa za kampuni ng'ambo, seva hujibu, balbu huwaka. Safari yote hiyo kwa taa iliyo mita mbili kutoka kidoleni mwake. Mwaka 2021 kampuni ikafunga seva. Walinitumia barua pepe, sikuiona. Usiku wa kwanza mama alibonyeza kitufe, giza. Alibonyeza tena. Akaanza kushuka huku akipapasa ukuta, akahofia, akaketi kwenye ngazi ya tatu mpaka kukapambazuka. Hakuanguka, alhamdulillahi, lakini nilimkuta bado ana baridi ya sakafu mwilini, na ngazi zile nilizifunga mimi kwa mikono yangu. Siku hiyo hiyo nilirudisha swichi za ukutani.

Wala si kisa cha nyumba yetu peke yake. Sanduku la Revolv huko Marekani liliuzwa kwa dola 300 hivi. Kampuni ikanunuliwa na kampuni ya Nest mwaka 2014, na Mei 2016 seva zikazimwa, waliolinunua wakabaki na plastiki. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni nyengine ya vifaa hivi, zilinyamaza ghafla, wateja wakaamka nyumba haziwasikii. Na sisi wa Mombasa tuna funzo letu. Nyaya za chini ya bahari zinazoletea Kenya intaneti hutua papa hapa kwetu, Seacom na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010. Lakini tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika huko kusini mwa Afrika, intaneti ilizorota nchi nzima, na mwenye taa zinazosubiri ruhusa ya seva ya ng'ambo alizisubiri.

Kwa hivyo ukienda dukani, fanya jaribio moja. Mwambie muuzaji achomoe waya wa intaneti kwenye rauta, rauta yenyewe ibaki imewaka, kisha akuwashie taa kwa kile kidhibiti. Ikiwaka, endeleeni kuzungumza. Isipowaka, mshukuru utoke. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Jambo la pili ni lugha. Vifaa vya nyumba huongea kwa waifai, au kwa Zigbee, au Z-Wave, au Thread, na tangu Oktoba 2022 kuna mapatano yanayoitwa Matter yanayowezesha vifaa vya kampuni mbalimbali kuelewana ndani ya nyumba bila kupitia ng'ambo. Kidhibiti kinachojua lugha moja tu ya kampuni moja tu kitakufunga kwenye duka hilo maisha. Leo balbu zao ni nafuu, kesho wamepandisha, nawe huna pa kukimbilia. Sanduku la 6,000 aliloliona kijana mara nyingi huwa la aina hiyo: lango la Zigbee lililofungwa kwenye programu ya kampuni na seva zake. Si uongo, litawasha. Lakini rahisi huvunja upishi. Kama mgongoni limeandikwa Matter, afadhali, maana hata ukihama utaweza kulivuta chini ya kidhibiti chako kipya. Kama halina, liache.

Ninayokushauri ni hii, na ndiyo niliyo nayo nyumbani kwangu. Programu iitwayo Home Assistant haiuzwi, hutolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Aliianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013, na tangu 2024 iko chini ya Open Home Foundation, wakfu usiotafuta faida ulioko Uswisi, kwa hivyo hakuna tajiri atakayeinunua aizime. Hukaa ndani ya nyumba yako, hufanya kazi bila intaneti, na huelewa lugha zote nilizozitaja na vifaa vya kampuni nyingi mno. Kuna mwenziwe anaitwa openHAB, wa tangu 2010, naye ni mzuri, ila kwa anayeanza namwona mgumu kidogo.

Programu yataka mahali pa kukaa. Wengi hutaja Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya saizi ya kadi, nami nilianza nayo. Shida yake kwetu ni stima inayokatika. Hiyo Pi kwa kawaida huandika kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu kama ya simu, na stima ikipotea katikati ya kuandika, kadi huharibika. Nimezika kadi tatu. Ukiichukua Pi, iongezee diski ya SSD na adapta yake halisi, na kufikia hapo bei imeshapanda. Home Assistant Green, sanduku lililotengenezwa na watu wa programu yenyewe, lilitoka mwaka 2023 kwa dola 99. Limeshawekwa kila kitu na halina kadi ya kuharibika. Kama una jamaa wa kulileta, ni zuri kwa asiyetaka kuhangaika. Hata hivyo halina redio ya Zigbee ndani, utanunua kijiti chake cha USB kando.

Lakini kwa mfuko wako na kwa mji wetu, chukua kompyuta ndogo ya mtumba, zile za ofisini za umbo la kitabu, Dell au HP au Lenovo, zenye kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD. Tenga shilingi 14,000, na uikague: iwashe dukani, isikilize feni, iache dakika ishirini uone kama inachemka. Hula wati kumi hivi ikiwa haina kazi nzito, yaani uniti saba kwa mwezi. Tenga 3,500 za kijiti cha Zigbee, 7,000 za kontakta, brekeri na floti mbili, na 3,000 za kibao kidogo cha saketi cha ESP32 na sanduku lake. ESP32 ni chipu yenye waifai inayotengenezwa na Espressif ya Shanghai. Mwanao ataiandikia amri kwa programu ya ESPHome, ambayo nayo ni bure, na kazi yake itakuwa kusoma kiwango cha tangi na kusikiliza kama kontakta imeshika. Jumla 27,500. Zilizobaki nunua soketi moja ya Zigbee inayopima matumizi ya stima, uiweke kwenye friji. Utashangaa.

Kwa kupima tangi wengi watakuuzia sensa ya mwangwi, inayopiga sauti chini na kusubiri irudi. Ifungwe juu kabisa, kwenye kifuniko kilichoinuliwa, kwa maana haioni kilicho karibu kuliko sentimita 20 hivi. Maji yakifika hapo itaanza kusema uongo. Tangi jeusi juani hutoa jasho chini ya kifuniko, na tone likikaa usoni mwa sensa nalo huipotosha. Kwa hiyo usome vipimo vitano vya mfululizo uchukue cha katikati. Ndiyo sababu nyengine ya kuacha uamuzi wa kuzima kwa floti. Floti haidanganywi na jasho.

Na chumvi, Mwalimu. Tudor mko kando ya hori, upepo unaoleta harufu ya bahari dirishani ndio unaokula shaba. Nimefungua masanduku ya miaka miwili tu nikakuta miguu ya chipu imeota ukungu wa kijani, laini kama unga. Sanduku la nje liwe la kuzuia maji, matundu ya waya yawe upande wa chini, na kila waya ushuke kwanza kabla ya kuingia ili tone la mvua lidondoke nje. Kibao cha ESP32 kipakwe vanishi ya saketi mara mbili kabla ya kufungwa, isipokuwa mahali pa kuunganishia waya.

Taa za mwakani: kabla ya kununua swichi yoyote, fundi afungue moja ya ukutani aangalie kama ndani mna nyutro, ule waya wa pili wa stima usio wa moto. Nyumba zetu nyingi zimefungwa mtindo wa Kiingereza, nyutro huishia darini kwenye taa, na kinachoshuka kwenye swichi ni waya wa moto na marejeo yake tu. Swichi nyingi za kisasa hazifanyi kazi bila nyutro. Zipo zisizoihitaji, lakini kwa balbu za LED za wati chache mara nyingi hupepesa au kuacha mwanga hafifu usiku kucha. Mimi hupenda kuweka rilei ndogo kule juu darini, nyutro iliko, na swichi ya ukutani ile ile ya zamani ibaki ikiiamrisha. Mgeni akija hahitaji kufundishwa kuwasha taa ya choo.

Vifaa vingi vina mpangilio wa namna vitakavyorudi stima ikikatika na kurejea. Pasi, hita ya maji: virudi vikiwa vimezimwa. Taa ya ngazi irudi ilivyokuwa.

Kuhusu yule wa 185,000, usimwone mwizi. Kuna mifumo ya waya, KNX ndio unaojulikana zaidi, unaodumu sana na usiofungwa kwa kampuni moja, na kwa nyumba inayojengwa sasa kuta zikiwa wazi ningeufikiria. Kwa nyumba iliyokwisha kupakwa rangi ni kubomoa. Atakayeuchukua adai jambo moja kwenye mkataba: faili la mradi wa ETS, programu ya kupangia KNX, akabidhiwe mwenye nyumba siku ya kumaliza. Bila faili hilo, kubadilisha swichi moja baadaye kutakurudisha kwa mtu yule yule, kwa bei atakayotaka yeye.

Mwanao mwachie kompyuta, programu na ESP32, ni kazi itakayomfunza mengi. Waya za stima asiziguse, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Na baba watoto akitaka kuona tangi akiwa melini, msifungue kwenye rauta mlango wowote wa kuingilia kutoka intaneti. Wekeni Tailscale, programu ya kuviunganisha vifaa vyenu kwa njia ya faragha, kwenye kompyuta na kwenye simu yake, kwa matumizi ya nyumbani ni bure. Nakala ya mipangilio yote itoke kila wiki iende kwenye diski nyengine, siyo ile ile ya kompyuta.

SWALI
Fundi, nimeweka kidhibiti kama ulivyowahi kutueleza, niko Kibokoni, nyumba ya zamani ya mawe. Sensa za chumba cha nyuma hupotea kila siku na kurudi. Waifai pia haifiki. Ninunue rauta kubwa zaidi?
Baba wa pacha, Kibokoni

JIBU
Hapana, kaka, usinunue. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, upana wa nusu mita, hauvunjwi na rauta yenye mapembe. Nyumba ya mama ni ya aina hiyo hiyo, kwa hivyo nitakueleza nilivyofanya.

Kwanza tazama kijiti cha Zigbee kilipo. Kama kimechomekwa moja kwa moja nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la USB 3 lenye ulimi wa buluu, umepata nusu ya ugonjwa. Matundu hayo hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Zigbee. Nunua waya wa kurefusha wa mita moja na nusu, kichomeke kwenye tundu la USB 2, kijiti kikae mbali na kompyuta na mbali na rauta. Kwa mama, jambo hili peke yake liliponya sensa mbili kati ya tano.

Halafu chaneli. Ipe rauta chaneli 1, na Zigbee ipe 25, zisipigane. Fanya sasa ukiwa na vifaa vichache, kwa sababu ukibadilisha chaneli vingine hutaka kuunganishwa upya.

Baada ya hapo usilazimishe ishara ipenye ukuta, ipitishe mlangoni kama mtu. Vifaa vya Zigbee vinavyokula stima ya ukutani, kama soketi, hupokezana habari, kimoja humpa mwenziwe. Vya betri havipokezi. Nilichora nyumba kwenye karatasi, nikaweka soketi moja ukumbini inayoutazama uwanda wa ndani, ya pili ng'ambo ya uwanda penye mlango wa chumba cha nyuma, na ya tatu juu ya ngazi. Uwanda hauna dari, ishara hupita hewani. Sensa ya chumba cha nyuma niliitoa kwenye kidaka, maana kidaka kimechimbwa ndani ya ukuta na ni sawa na kuitia chunguni, nikaibandika kwenye boriti juu ya mlango. Haijapotea tena tangu mwanzo wa kusi.

Usitegemee balbu kuwa za kupokezana. Mtu akizima swichi ya ukutani balbu inakufa, na njia nzima inakatika.

SWALI
Mpwa wangu aliyeko Marekani anakuja Disemba. Anasema kule swichi na sensa za Z-Wave zinauzwa kwa punguzo na atajaza sanduku zima. Alete?
Khalati, Likoni

JIBU
Shikamoo Khalati. Asilete. Z-Wave hutumia masafa tofauti kila sehemu ya dunia: vifaa vya Marekani viko kwenye megahezi 908, vya Ulaya 868, na havisikilizani hata kidogo. Ukichanganya cha huku na cha kule utakuwa na vibubu viwili. Tena stima yao ni volti 120, yetu 240. Swichi iliyoandikwa volti 120 pekee ukiifunga Likoni italia mara moja tu. Umbo la swichi zao nalo ni refu, halikai kwenye visanduku vyetu vya mraba.

Zigbee ni tofauti, masafa yake ya gigahezi 2.4 ni yale yale kila mahali. Sensa za betri za mlango, za joto na za kugundua mtu anayepita, atakazozinunua kule, zitafanya kazi kwako bila taabu, na ni nyepesi mzigoni. Kijiti cha Zigbee cha USB pia alete. Chochote cha kufungwa kwenye ukuta wenye stima utakinunua hapa. Mpigie kabla hajasafiri: zile za Zigbee za betri azilete, za Z-Wave kama ameshazinunua azirudishe dukani akiwa bado na risiti.